Pikipiki ya zamani ya koperativi: tuweke elektroniki, lakini platini isitupwe



Katika gazeti hili tumezoea kuandikiana juu ya mahindi, muhogo, maharagi na karanga. Mara hii ninataka tuongee juu ya pikipiki ya koperativi. Msiseme agronomu amepoteza njia. Kwenye mikutano ambako ninaalikwa, neno la mbegu linamalizika kwa nusu saa, lakini neno la pikipiki linakula asubuhi nzima, na watu wanatoka bila kusikilizana.

Neno lenyewe ni hili. Koperativi nyingi za huku Mitwaba ziko na pikipiki moja tu, tena ya zamani. Wengine waliachiwa na proje iliyomalizika kitambo, wengine walichanga makuta wakainunua Likasi ao Lubumbashi ikiwa imekwisha kutumika. Injini bado iko na nguvu, fremu ni nzima, lakini kila wiki mbili inakataa kuwaka. Fundi anatoa volani, anasugua platini, inawaka. Wiki mbili tena imekufa. Sasa vijana wanasema tutoe platini, tuweke alumaji ya elektroniki, ile ya CDI, sawa na kwenye TVS na Boxer za leo. Wazee wanakataa. Na kikundi cha tatu kinasema: «Tuuzishe ile chuma, tuuze ya mpya.»

Mawazo yangu ninayasema hapa mbele, mtu asiyatafute mwishoni. Tuweke elektroniki, lakini kwa masharti, na platini ya zamani isitupwe. Koperativi isiyoweza kutimiza masharti hayo, heri ibaki na platini yake na ijifunze kuitunza vizuri. Sasa nieleze sababu.

Juu ya nini neno hili ni kubwa

Mtu wa Lubumbashi pikipiki yake ikikufa, anaisukuma mpaka kwa fundi wa kona, piesi iko ng'ambo ya barabara. Sisi tuko Mitwaba. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi, hata ndege ikiruka moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 300, na barabara yetu haiko moja kwa moja. Mvua ikianza, kamioni zinakwama, piesi inakawia wiki nyingi. Wakati wa vita watu waliita sehemu hii pembetatu ya kifo: Manono, Mitwaba na Pweto. Leo watu wamerudi mashambani, lakini njia bado ni ile ile, na mwenye kutembea upesi ni mwenye pikipiki.

Angalieni kazi ya ile pikipiki moja. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu inapaswa kufika kijijini kabla udongo haujapita wakati wake. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hayatoi sawa na yale yaliyopandwa kwa wakati, kila mmoja wenu anajua. Halafu kuna kiwavi-jeshi, yule aliyetoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016. Mayai yake yanapasuka kwa siku 2 ao 4 tu. Kiwavi akiwa mdogo anakwangua majani kwa juu, na hapo unaweza kumkamata kwa mkono ao kwa dawa. Akikomaa anaingia ndani ya moyo wa muhindi, anajifunika na mavi yake, na dawa haimfikii tena. Ukiniita leo na mimi nikifika nyuma ya siku 10 juu pikipiki ilikuwa imelala, nitakuja kuhesabu hasara tu.

Tena kuna bei. Mnunuzi akija na kamioni na kusema bei yake, koperativi inayoweza kutuma mtu Mufunga-Sampwe kuuliza bei ya huko iko na neno la kujibu. Koperativi isiyoweza kutuma mtu inapokea bei ya mnunuzi. Na kuna usiku ule mama mwenye uchungu wa kuzaa anapaswa kufika hospitali. Hapo hakuna mwenye kuuliza kama pikipiki ni ya kilimo ao si ya kilimo.

Kwa hiyo tukizungumza platini ao elektroniki, hatuongei mchezo wa vijana. Tunaongea kama ile pikipiki itawaka siku tunaihitaji.

Platini inafanya kazi gani

Nieleze kidogo, juu wengi wanapiga kura bila kujua kitu wanachokipigia. Buji inahitaji cheche moja kwa wakati wake halisi, na cheche hiyo inataka zaidi ya volti 10 000. Umeme wa volani ao wa batri hautoshi, ni bobini inaukuza. Lakini bobini inatupa cheche pale tu umeme unaoingia ndani yake unapokatwa kwa ghafla. Platini ndiyo mkono wa kukata. Ni vichwa viwili vya chuma kigumu vinavyogusana. Kame inazunguka na injini, inasukuma kisigino kidogo, vichwa vinaachana, umeme unakatika, buji inawaka. Pembeni kuna kondansateri, inayomeza umeme ule ambao ungeruka kati ya vile vichwa. Kondansateri ikikufa, platini zinaungua upesi na cheche ya buji inakuwa dhaifu.

Ufundi huu ni wa zamani. Mwaka 1902 injinia Gottlob Honold wa kampuni Bosch, Ujerumani, alitoa magneto ya volti ya juu. Mwaka 1912 gari Cadillac la Marekani lilikuwa na alumaji ya batri iliyotoka kwa Charles Kettering. Kutoka hapo, kwa miaka zaidi ya 50, karibu pikipiki zote za dunia zilitembea na platini. Kawasaki H1 ya mwaka 1969 ni moja ya pikipiki za kwanza zilizouzwa na CDI. Honda CG 125, ile ya kazi ngumu ambayo wengi mnaijua, ilitoka mwaka 1976 na platini. Zile za miaka ya nyuma zikapata CDI. Kwa hiyo mwenye kuweka elektroniki kwenye pikipiki ya zamani anafuata njia ile ile watengenezaji wenyewe walipitia.

Ubaya wa platini ni kwamba ni kitu kinachogusana na kusugana. Nafasi kati ya vile vichwa, vikiwa wazi kabisa, kwa pikipiki nyingi za kazi inapaswa kuwa milimita 0,3 mpaka 0,4. Ni unene wa karatasi chache tu. Kisigino cha kame kikilika, nafasi inapungua na cheche inachelewa. Injini inapata moto kupita kiasi, inakunywa esansi mingi na haina nguvu ya kupanda mlima. Vumbi la kiangazi likiingia, ao mafuta yakivuja kutoka ndani ya injini, ao maji ya mto yakipita kwenye kifuniko, cheche inapotea kabisa.

Uzuri wake ni kwamba inakufa polepole, tena inaponyeka. Mbele ya kufa inakuonyesha: kuwaka kwa shida asubuhi, kukohoa, kupoteza nguvu. Na hata katikati ya pori, mtu mwenye tournevis, kipande cha karatasi ya kusugulia na akili anaweza kuirudisha nyumbani. Mzee mmoja fundi aliniambia hivi: «Agronomu, platini mi najua kuongea nayo. Ile bwati, ikikufa, njo kusema imekufa.» Neno lake ni la kweli, na vijana wasilicheke.

Elektroniki inaleta nini

Katika CDI hakuna kinachogusana. Ndani ya bwati kuna kondansateri ambayo bobini ndogo ya volani inaijaza mpaka volti 200 ao 300. Kwenye volani kuna kiuvimbe cha chuma. Kikipita mbele ya pikapu, pikapu inatuma alama, na bwati inamwaga umeme wote kwa mara moja ndani ya bobini ya buji. Hakuna kisigino cha kulika, hakuna vichwa vya kuungua. Vumbi halina neno kwake, na ukiisha kuipanga vizuri, wakati wa cheche haubadiliki-badiliki. Kuwaka asubuhi kunakuwa rahisi, na cheche iko na nguvu hata kama buji imechafuka kidogo.

Ubaya wake ni ule mzee alisema. Bwati imefungwa na rezini, hakuna wa kuifungua. Mara nyingi inakufa bila kutoa alama. Na kwenye soko kuna za bei ya chini ambazo hazimalizi msimu.

Mimi ninaona jambo hili sawa na mbegu zetu. Mahindi ya kuchavuka yenyewe, aina kama Babungo ao Unilu, unaweza kuchagua mabungo mazuri na kupanda tena kwa misimu kadhaa. Ibride inatoa zaidi, lakini kila mwaka unarudi dukani, juu mbegu ya kizazi cha pili inashuka. Je, tunawaambia wakulima waache ibride? Hapana. Tunawaambia: ukichagua ibride, uwe na hakika ya duka, ya mbolea na ya makuta ya mwaka kesho, na usimalize mbegu yako yote ya zamani. Platini ni mbegu unayoiweka mwenyewe. Elektroniki ni mbegu ya dukani. Mwenye akili anapanda ya dukani na ya nyumbani anaihifadhi kwenye jivu.

Mbele ya yote, tafuteni ugonjwa wenyewe

Kuna koperativi zinazotaka kuweka elektroniki kwa pikipiki ambayo ugonjwa wake hauko kwenye alumaji. Hapo mtaharibu makuta bure. Mbele ya kununua kitu chochote, fundi aangalie mambo haya:

Buji. Iwe ya namba ile inayoandikwa kwa pikipiki hiyo, si ile iliyopatikana tu. Kofia ya buji na waya wake visiwe vimepasuka.

Waya za masi. Kwa pikipiki ya zamani, bulo moja yenye kutu inaweza kufanya kazi yote ya shetani. Safisha mpaka chuma iangaze.

Juwen ya mafuta nyuma ya volani. Kama inavuja, platini zitachafuka kila wiki hata ukizibadilisha mara kumi. Juwen ni kitu kidogo, bei yake si kubwa. Nafikiri nusu ya kilio cha «kila wiki mbili» kinaanzia hapo.

Rulma za vilebrekeni. Shika volani, jaribu kuitikisa juu na chini. Ikicheza, nafasi ya platini haitakaa hata siku moja. Elektroniki itavumilia kidogo zaidi, lakini injini yenyewe inakwenda kufa. Tengeneza rulma kwanza.

Karbirateri na esansi. Esansi ya chupa ya njiani mara nyingi iko na maji ao petroli ya taa ndani yake.

Kama yote haya ni mazima na bado platini inasumbua, basi sasa tunaweza kuongea elektroniki.

Masharti yangu

Sharti la kwanza: CDI isiyohitaji batri. Kuna CDI za aina mbili. Moja inapata umeme wake moja kwa moja kutoka volani. Batri ikikufa ao ikiibiwa, pikipiki inawaka tu kwa kiki. Nyingine inakula umeme wa batri. Batri ikikufa, hakuna kuwaka. Kwa nje bwati zinaweza kufanana. Huku kwetu ambako batri nzuri ni shida, chukueni ile ya volani. Mwenye duka akisema «zote ni moja», msimwamini. Ukipeleka umeme wa batri kwenye waya ya kuzimia ya ile CDI ya volani, unaiunguza palepale.

Sharti la pili: kila kitu kibadilishwe pamoja. Volani, sahani ya bobini zake, pikapu, bwati na bobini ya buji vitoke kwa familia moja ya pikipiki, na tundu la volani likae sawa sawa kwenye vilebrekeni pamoja na klaveti yake. Volani isiyokaa vizuri itakula ncha ya vilebrekeni, na hapo mmepoteza injini. Kama volani inayofaa haipatikani, acheni kazi, rudini kwa platini. Kwa injini ya mipigo minne iko jambo lingine: nyingi za zamani ziko na vizito vidogo vinavyosogeza cheche mbele mbio ikiongezeka. CDI nyingi zinafanya kazi hiyo zenyewe ndani ya bwati. Ukiacha vyote viwili, cheche inakuja mapema mara mbili, injini inagonga, pistoni inatoboka.

Sharti la tatu: platini ya zamani ikae kwenye mfuko. Sahani yake yote, na kondansateri yake, na volani yake, na bobini yake, vikiwa vimepakwa mafuta kidogo na kufungwa vizuri, vikae katika depo ya koperativi, viandikwe kwenye daftari la mali. Bwati ikikufa katikati ya mvua, fundi anarudisha ya zamani kwa nusu siku na kazi inaendelea. Nimeona mafundi wanachukua volani ya zamani kama sehemu ya malipo yao. Komite isikubali. Ile ni mbegu yenu.

Sharti la nne: bwati ya pili. Siku mnanunua moja, nunueni mbili, na ya pili mjaribu palepale kwa fundi, iwashe pikipiki, halafu iwekwe. Bwati ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu. Kama makuta hayatoshi kwa mbili, ngojeni mavuno yajayo.

Sharti la tano: watu wawili wa kijiji wajue. Kazi isifanywe kwa mlango uliofungwa. Fundi anayeweka afundishe vijana wawili, na mmoja wao awe msichana kama yupo anayependa, juu wavulana wetu wanaondoka kwenda kuchimba kasiterite na ujuzi unaondoka nao. Wajue kupima cheche kwa kugusisha buji kwenye chuma ya injini, wajue kila waya inakwenda wapi, na wachore picha ya waya zote kwenye karatasi. Kwa Honda waya ya kijani ni masi, lakini piesi za kuiga hazifuati rangi kila mara. Kwa hiyo pimeni na multimetri, msifuate macho peke yake. Na wajue kutoa bwati mbele ya mtu kusudeya fremu, la sivyo umeme wa sudire utaiua. Buji isiachwe hewani wakati mtu anapiga kiki. Iguse masi kila mara, kwa usalama wa bwati na wa vidole vyenu.

Hesabu ya makuta

Nimesikia mtunza makuta akisema: «Platini bei yake kidogo, CDI bei yake mingi, maneno imekwisha.» Hesabu hiyo ni ya nusu. Piesi iko na bei yake, lakini siku za kulala nazo ziko na bei.

Tuseme pikipiki inalala siku 2 kila wiki mbili. Kwa miezi 4 ya kazi ya shamba hiyo ni karibu siku 16. Waulizeni wanachama: siku 16 bila pikipiki katikati ya kupanda na kupalilia zinagharimu magunia mangapi? Kama jibu ni «hakuna», basi pikipiki yenu haifanyi kazi ya koperativi, inafanya kazi ya mtu, na shida yenu iko kwingine. Kama jibu ni magunia kadhaa, linganisheni magunia hayo na bei ya elektroniki, pamoja na bwati ya pili na kazi ya fundi.

Ninaomba kila komite ifungue daftari moja ndogo ya pikipiki. Kila ikikufa, mwenye kuiendesha aandike tarehe, mahali, kitu kilichokufa, makuta yaliyotoka na siku ilizolala. Hakuna haja ya ufundi wowote. Nyuma ya msimu mmoja mtafungua daftari na kuona wenyewe. Kama «platini» imeandikwa mara nyingi, mnajua la kufanya. Kama kilichoandikwa mara nyingi ni «mnyororo» ao «pine», elektroniki haitawasaidia kitu. Mkutano unaopiga kura na daftari mezani haupigani sana kama ule unaopiga kura na kelele.

Kwa wanaotaka kuuzisha

Kikundi cha tatu, kile cha «tuuze ya mpya», nacho si cha wajinga. Pikipiki mpya inatoka kiwandani na elektroniki yake, na piesi zake zimejaa Likasi. Lakini niwaulize maswali mawili. La kwanza: makuta ya tofauti yatatoka wapi? Kama yatatoka kwenye kasha la mbegu na mbolea, mimi ninakataa wazi. Pikipiki mpya isiyo na mbegu ya kubeba ni ya matembezi. La pili: kama ya zamani ilikufa juu hakuna aliyebadilisha mafuta ya injini, hakuna aliyekaza bulo, na kila mkubwa aliichukua kwenda matangani, nani atazuia ya mpya isife hivyo hivyo? Pikipiki za kazi za zamani zilivumilia mambo mengi. Hizi za leo za bei nafuu sijui kama zitatuvumilia hivyo.

Lakini kama injini imekwisha, vilebrekeni inacheza, fremu imepasuka na kusudewa mara tatu, hapo ninasema pamoja nao: uzisheni, msiweke elektroniki juu ya maiti.

Kwa wazee wa platini

Ninyi ninawaambia kwa heshima: msiogope. Hakuna anayesema ujuzi wenu umekwisha. Sharti la tatu linawategemea ninyi. Siku bwati itakufa, kijana atakuja kwenu na ule mfuko mkononi, na kama hamkumfundisha kuweka nafasi ya platini, kusoma alama ya F kwenye volani na kusikia injini kwa sikio, ule mfuko utakuwa chuma chakavu. Kwa hiyo mfundisheni sasa, wakati pikipiki bado inatembea. Na koperativi iwalipe kwa kazi hiyo. Mara nyingi tunalipa mwalimu anayetoka mbali na makaratasi, lakini mzee wa kijiji tunamwambia aksanti tu.

Kwenye institut ya agronomia walitufundisha udongo, wadudu na mbegu. Pikipiki haikuwa katika masomo. Lakini kila agronomu anayefanya kazi huku anajua kwamba shauri lake linafika shambani kwa magurudumu mawili. Kama magurudumu yamelala, shauri nalo limelala.

Ninachoomba ni kidogo. Mbele ya mvua zijazo, kila komite iweke neno hili kwenye mkutano wake: fundi aangalie yale mambo matano, daftari ifunguliwe, halafu mpige kura. Mkichagua elektroniki, timizeni masharti yote, si yale mepesi peke yake. Mkichagua kubaki na platini, wekeni seti moja mpya na kondansateri moja kwenye depo, na muweke siku ya kuisafisha, kwa mfano kila mwezi mbele ya mkutano, hata kama inawaka vizuri.

Na kama kuna koperativi iliyokwisha kubadilisha, iwe imefaulu ao imeshindwa, mtuandikie kwa gazeti hili. Mtuambie mliweka ya pikipiki gani, ilidumu misimu mingapi na ilikufa namna gani. Habari kama hiyo ya jirani itafaa wengine kuliko maneno yangu yote haya.

Agronomu wenu, Mitwaba